Laptopu ikigoma kuwaka, iwashe kwa flashi utoe vitu vyako kwanza

Mdogo wangu alikua mwaka wa mwisho chuo, wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti yake laptopu ikagoma. Ukiwasha inaleta nembo, vidoti vinazunguka weee, alafu skrini inakua bluu, inajizima, inaanza upya. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, jamaa hata hakuuliza ndani kuna nini, akapiga Windows mpya, kesho yake akamrudishia mashine inang'aa, nyepesi, haina hata picha moja. Ripoti ikaenda na maji. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mafaili yalikuwepo muda wote, diski ilikua nzima kabisa, kilichokufa ni ile Windows tu. Funguo imekatikia kwenye kitasa, mtu akabomoa nyumba.

Kwaio hii ntakayoelekeza ndo kazi iliyotakiwa kufanyika siku ile. Laptopu hailazimiki kuwaka kwa kutumia diski yake ya ndani, inaweza kuwaka kwa flashi au eksteno uliyochomeka pembeni, ikawaka kabisa na desktopu na mausi na intaneti, alafu ile diski ya ndani ukaifungua kama unavyofungua flashi ya mtu mwingine na kukopi vitu vyako. Huhitaji kuwa fundi, unahitaji saa kama mbili hivi na kutokua na haraka.

Kwanza jua ugonjwa. Kama ukibonyeza pawa hakuna kitu, hamna taa, hamna feni, skrini nyeusi tii, hapo flashi haitakusaidia, hilo ni suala la umeme, chaja au bodi. Lakini kama nembo ya HP au Dell au Lenovo inatokea, alafu ndo mambo yanaharibikia hapo mbele, wewe una bahati. Maneno ya kawaida utakayoona ni "No bootable device", "Operating system not found", "Inaccessible boot device", na kwenye HP kuna ile "Boot Device Not Found" yenye namba 3F0 chini yake. Ile "Inaccessible" mara nyingi diski ipo hai. Hizo nyingine zinaweza kuwa Windows imevurugika au diski yenyewe haionekani, tutajua tukishaingia.

Alafu tega sikio. Kama laptopu ni ya zamani yenye hadidiski ya kuzunguka na unasikia tak... tak... tak... kama saa ya ukutani, izime sasa hivi. Usiendelee kuiwasha "nijaribu tena labda itakubali", kila ukiwasha kichwa cha diski kinaweza kuzidi kukwaruza sehemu yenye data. Hiyo ni kesi nyingine ntaigusa kule chini.

Vitu vya kutafuta: flashi ya GB 8 au zaidi ambayo huna kitu cha maana ndani maana itafutwa yote, eksteno au flashi nyingine kubwa ya kuhifadhia mafaili utakayookoa, na kompyuta ya kuazima ya kutengenezea flashi. Flashi ya kuwashia na ya kuhifadhia ziwe mbili tofauti, usijichanganye. Na jamani flashi feki zimejaa, zile zimeandikwa TB 2 zinauzwa bei ya nusu kilo ya nyama, ndani ni GB 16 au 32 zimedanganywa zijitangaze kubwa, ukikopi inakubali vizuri tu mpaka siku ya kufungua unakuta mafaili hayafunguki. Kabla ya kuiamini na picha za harusi, ipime kwa kaprogramu ka bure kanaitwa H2testw kwenye Windows, kanaandika flashi nzima alafu kanasoma tena, kanakwambia ukweli.

Sasa kutengeneza flashi. Mi napenda Linux Mint, huu ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, ni ya bure, inafanana na Windows kwaio hata mama mkwe hatapotea, na faili lake ni kama GB 3 hivi. Ubuntu nayo safi ila faili lake limekua kubwa siku hizi, linakaribia GB 6, fikiria bando lako. Ingia tovuti yao rasmi, shusha lile faili linaloishia na .iso, usilishushe kwenye vitovuti vya ajabu. Alafu shusha Rufus, ni kaprogramu kadogo ambako hata hakahitaji kuinstoliwa. Chomeka flashi, fungua Rufus, juu pale kwenye "Device" hakikisha umechagua flashi na sio eksteno ya mwenye kompyuta (nimeshaona mtu analia kwa hili), bonyeza "Select" uchague lile faili la iso, mengine yaache yalivyo, bonyeza "Start". Ikikuuliza uandike kwa "ISO" au "DD" chagua ISO, ikija kugoma kuwaka ndo unarudia kwa DD. Kosa la kwanza la watu wengi ni kukopi lile faili la iso na kulipesti kwenye flashi kama wimbo. Haliwaki hivyo.

Isipokua ukitumia Ventoy, huyu ndo unampestia iso hivohivo. Unaiinstoli Ventoy kwenye flashi mara moja, baada ya hapo unatupia humo iso yoyote, Mint, Windows, ya kupimia ram, zote kwenye flashi moja, ukiwasha inakuletea orodha uchague. Kama wewe ndo yule mtu ambaye mtaa mzima unakugongea "njoo uniangalizie kompyuta", tengeneza hii uiweke kwenye funguo zako.

Na kama huna kompyuta ya kuazima kabisa? Simu ya Android inatosha. Kuna app inaitwa EtchDroid, unachomeka flashi kwenye simu kwa ule waya wa OTG, unaichagulia iso ya Mint, inaandika, huhitaji kuiruti simu. Iso ya Windows haiwezi, ya Linux inaweza. Simu iwe na chaji ya kutosha na usiichezee wakati inaandika.

Haya, flashi ipo tayari. Zima laptopu mbovu kabisa, kama inazunguka tu shikilia kitufe cha pawa sekunde kama 10 mpaka ife. Chomeka chaja, maana betri ikiisha katikati ya kukopi utaanza upya, chomeka flashi moja kwa moja kwenye laptopu, sio kupitia kile kigawanyio cha matundu manne. Washa, na palepale anza kugonga kitufe cha menyu ya kuwashia, gonga gonga gonga kama mtu anayeita daladala, usibonyeze mara moja ukasubiri. HP ni Esc alafu F9. Dell F12. Lenovo F12, na baadhi ya IdeaPad zina katundu kadogo pembeni unachomeka pini wakati imezimwa, inaleta menyu yenyewe. Asus Esc, Toshiba F12. Acer nayo F12 ila mara nyingi imefungwa, unaingia kwanza BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya Windows) kwa F2 unaiwezesha pale palipoandikwa "F12 Boot Menu". Kwenye laptopu zingine vitufe vya F vinafanya kazi ya sauti na mwanga, kwaio shika Fn pamoja. MacBook za Intel unashikilia Option, ila zile za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2 zinakataa kitu cha nje mpaka uziruhusu kwenye mipangilio yake ya usalama, na zile za M1 kwenda mbele sahau kabisa huu mwongozo, flashi hii haziiwashi.

Menyu ikitokea utaona flashi yako kwa jina lake la kampuni, SanDisk au Kingston au chochote, wakati mwingine inatokea mara mbili, moja ina neno UEFI mbele. Chagua yenye UEFI kwanza.

Flashi haionekani kwenye menyu? Badilisha tundu. Bado? Ingia BIOS (HP F10, Dell na Acer na Asus F2, ThinkPad F1) uangalie kama kuwaka kwa USB kumezimwa, zima na "Fast Boot". Hizi laptopu zetu za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya mara nyingine zina paswadi ya BIOS ya ofisi ya zamani, hapo hutaweza kubadili kitu ndani ila menyu ya F9 au F12 bado inaweza kukubali, jaribu kwanza kabla ya kukata tamaa. Ikionekana lakini ikileta ujumbe mwekundu wa usalama, tatizo ni "Secure Boot", ule ulinzi unaozuia mashine kuwaka kwa kitu isichokiamini. Mint na Ubuntu mpya kwa kawaida zinapita nayo ikiwa imewashwa, Ventoy ndo huwa inasumbua kidogo mara ya kwanza.

Hapa simama kidogo. KABLA hujazima Secure Boot au kugusa chochote kwenye BIOS, jiulize kama diski imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data zote za diski. Laptopu nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe, ukishaingia na akaunti ya Microsoft tu tayari, mwenye laptopu hata hajui. Ukibadilisha Secure Boot, Windows itakuomba funguo yenye tarakimu 48, na bila hiyo namba hakuna fundi wala mganga wa kukufungulia. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ileile ya Microsoft uliyotumia kwenye laptopu, funguo utaikuta imekaa pale. Iandike kwenye karatasi. Kama laptopu ni ya kazini, funguo wanayo watu wa IT wa kazini kwako, wapigie.

Ukichagua flashi itakuletea menyu nyingine, chagua mstari wa kwanza, "Start Linux Mint" au "Try or Install Ubuntu". Subiri, flashi ina mwendo wa kobe, dakika moja mbili mpaka tano desktopu inafunguka. Na hapo ukishaona tu desktopu umejifunza jambo kubwa: skrini, ram na bodi vinafanya kazi. Tatizo mara nyingi lipo kwenye diski au Windows. Fundi akikwambia "bodi imeungua" muangalie usoni.

Kwenye desktopu kuna kialama cha "Install". Usikiguse. Kile kinainstoli Linux juu ya diski yako, utajifanyia mwenyewe kile fundi alichomfanyia mdogo wangu. Ubuntu ikikuuliza chagua "Try".

Fungua meneja wa mafaili, upande wa kushoto utaona diski zilizopo, nyingine zina majina, nyingine zimeandikwa ukubwa wake tu, mfano "256 GB Volume". Bonyeza ile kubwa. Ukiona folda za Windows, Users, Program Files, vuta pumzi, umefika nyumbani. Vitu vyako vipo Users, alafu jina lako, humo kuna Desktop, Documents, Downloads, Pictures. Chomeka eksteno, kopi, pesti. Ndo hivyo tu.

Ila mara nyingi sio "ndo hivyo tu", kwaio ngoja nikupe vikwazo nilivyokutana navyo mimi.

Diski inakataa kufunguka, inalalamika kwamba Windows imelala au haikuzimwa vizuri. Hii inatokana na ile tabia ya Windows kutozima kabisa ili kesho iwake haraka. Usilazimishe kuirekebisha, ifungue kwa kusoma tu. Fungua tamino (Terminal, lile dirisha la kuandikia amri), andika lsblk upate jina la diski, iangalie kwa ukubwa wake, inaweza kuwa sda3 au nvme0n1p3, alafu andika hivi ukibadilisha jina:

sudo mkdir /mnt/win
sudo mount -t ntfs3 -o ro /dev/nvme0n1p3 /mnt/win

Lile neno ro ndo linasema "soma tu usiandike". Paswadi haiombi kwenye flashi ya majaribio. Ikikubali nenda kwenye folda ya /mnt/win uendelee kukopi.

Diski inaomba paswadi. Hiyo ndo BitLocker, ingiza zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake.

Diski haionekani kabisa, lsblk inaonyesha flashi tu. Usikimbilie kusema imekufa. Laptopu nyingi za Intel diski imewekwa kwenye mtindo wa RAID au VMD na Linux wakati mwingine haioni. Ingia BIOS ubadilishe kwenda AHCI, washa flashi tena, okoa vitu vyako, ukimaliza RUDISHA ilivyokua, maana Windows yenyewe ukiiacha kwenye AHCI itaanguka kwa sababu hiyo tu na utaanza kutafuta ugonjwa mpya. Kama hata kwenye BIOS jina la diski halipo, hapo sasa diski imekufa au imelegea, fungua kifuniko uichomoe uichomeke tena vizuri. Nimeshaponya mbili kwa njia hiyo, bisibisi tu.

Faili moja kubwa linakataa kukopika wakati eksteno ina nafasi kibao. Eksteno yako ipo kwenye FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4. Tumia eksteno iliyofomatiwa exFAT au NTFS.

Na usiishie kukopi Documents. Watu wanasahau Desktop, wanasahau mafaili ya Outlook yanayoishia na .pst, wanasahau kwamba programu za mahesabu ya duka mara nyingi zinaweka data zake kwenye Users/Public au moja kwa moja kwenye C, sio kwenye Documents. Kama hujui kopi folda yote ya Users pamoja na yale yaliyofichwa, bonyeza Ctrl+H yatatokea. Ukimaliza fungua mafaili matano sita kwenye eksteno uone kama yanafunguka kweli, alafu bonyeza alama ya kutoa eksteno usubiri ikuruhusu, usiichomoe tu. Linux inasema imemaliza kumbe bado inaandika chinichini.

Mafaili yakishakua salama ndo unauliza diski inaumwa nini. Fungua programu inaitwa "Disks", chagua diski ya ndani, kwenye vile vidoti juu chagua "SMART Data", ndo rekodi ya afya ya diski. Kwenye hadidiski ya kuzunguka angalia mistari miwili, "Reallocated Sector Count" na "Current Pending Sector Count". Zikiwa sifuri, diski inaonekana nzima na shida inaelekea ni Windows. Zikiwa makumi au mamia na zinapanda, nunua nyingine, usipige Windows kwenye mgonjwa huyo.

Kwa ile diski ya tak tak au inayokwama kila ukikopi, usikopi faili mojamoja. Chukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue, inasoma kwanza sehemu nzima, zile mbovu inaziruka inazirudia mwisho:

sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -d /dev/sda /media/mint/EKSTENO/nakala.img /media/mint/EKSTENO/nakala.map

Hapo eksteno lazima iwe kubwa kuliko diski yote, na majina uyahakiki mara tatu, cha kwanza ni mgonjwa, cha pili ni pa kuhifadhi. Inaweza kuchukua siku nzima. Ikikatika, rudia amri ileile, lile faili la map linaikumbusha ilipoishia. Na kama kilichomo ndani ni cha maisha na kifo, usijaribu hata hii, tafuta wanaookoa data kitaalamu.

Kurudisha Windows sasa. Tengeneza flashi ya Windows kwa ile "Media Creation Tool" ya Microsoft, nayo inataka GB 8, iwashe vilevile. Skrini ya kuinstoli ikija usibonyeze kuinstoli, tafuta "Repair your computer" (kwenye Windows 11 mpya ni "Repair my PC"), ingia "Troubleshoot", alafu "Startup Repair". Ikishindwa rudi ufungue "Command Prompt", andika diskpart, kisha list volume, tafuta kale kadogo ka FAT32 ka MB 100 au 260, sio flashi yako, ikiwa ni namba 2 andika select volume 2, assign letter=S, exit. Angalia Windows ipo herufi gani, huku ndani wakati mwingine C inageuka D, alafu andika amri hii ya kujenga upya kiwashio cha Windows:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Zima, toa flashi, washa. Mi hii imenitoa mara nyingi kuliko zile amri za bootrec ambazo kila mtu anazikariri, fixboot yenyewe inakujibu "Access is denied" unabaki umeduwaa.

Na kuna siku kosa ni faili moja tu. Ile tarehe 19 Julai 2024 dunia ilipoamka na skrini za bluu, viwanja vya ndege vimesimama, Microsoft wakakadiria mashine milioni 8.5, chanzo kilikua faili moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, linaloanza na C-00000291. Dawa? Kuingia kwenye diski na kulifuta. Watu wa IT wakatembea kompyuta hadi kompyuta, baadhi yao na flashi mkononi, kazi ileile unayoifanya wewe hapo mezani.

Kama diski ya ndani imekufa na hela ya mpya haipo mpaka mwisho wa mwezi, laptopu usiikabatishe. Iwashe kwa ile flashi ya Mint, fungua kivinjari, fanya kazi zako, ila kila ukizima inasahau kila kitu kwaio hifadhi kwenye eksteno. Ukitaka ikumbuke, nunua kieksteno cha SSD (diski isiyozunguka, ina mwendo) uinstoli Linux humo moja kwa moja, kwa kutumia flashi kama chanzo na SSD kama mahali pa kuinstolia, na kabla ya kuanza ichomoe kabisa ile diski mbovu ya ndani ili kiwashio kisije kikaandikwa kwake. Chomeka kwenye tundu la bluu, ndo lina mwendo. Mdogo wangu yule alimalizia ripoti ya pili kwa mtindo huu, laptopu ina SSD imening'inia pembeni imefungwa na selotepu, miezi mitatu, mpaka mahafali.